Kiwiko cha tenisi: daktari mmoja anataka kunichana, mwingine anataka kupitia matundu. Nani kapitia hii?

Seremala wa Keko

Wakuu habari za jioni. Humu nasoma muda mrefu bila kuandika, leo yamenifika shingoni.

Mimi ni seremala, miaka 44, Keko nipo tangu nikiwa kijana wa kushikilia mbao. Mwaka jana mwezi wa tano tulipata oda ya vitanda na makabati ya nyumba ya wageni, mninga mtupu, na muda ni wiki tatu. Skrubu nilizofunga kwa bisibisi ya mkono kwenye oda ile, Mungu ndiye anajua idadi. Tulipokabidhi kazi nikaanza kusikia maumivu kiwiko cha kulia, upande wa nje, pale penye kifupa kilichochomoza. Nikasema uchovu. Huu ni mwezi wa kumi na nne.

Ajabu ni kwamba nyundo naivumilia. Kinachonitoa machozi ni vitu vya kijinga: kukamua nguo, kuzungusha ufunguo, kuinua sufuria, kupewa mkono na mtu mwenye nguvu zake. Kikombe cha chai nakishika kwa kushoto siku hizi. Juzi mteja kanipa mkono kwa furaha, nikakunja uso, akadhani nimekasirikia bei, akaongeza elfu kumi. Hiyo ndiyo faida pekee niliyoiona.

Nimepita dawa za kumeza, mafuta ya kuchua, mkanda wa kufunga chini ya kiwiko, na sindano tatu za steroidi. Ya kwanza nilidhani nimepona, wiki sita nilipiga randa kama kijana. Ya pili ilishika wiki tatu. Ya tatu nilichomwa mwezi uliopita, haikufanya kitu zaidi ya kuniachia doa jeupe ukubwa wa sarafu na ngozi imebonyea pale. Ekserei haina tatizo.

Sasa daktari wa kwanza anasema nichanwe, aondoe kano "iliyooza", yaani ule uzi unaoshika msuli kwenye mfupa. Nikaenda hospitali nyingine kutafuta maoni, huyu anasema kuchana ni mambo ya zamani, yeye anaingiza kamera kwa matundu mawili matatu na nitapona haraka. Bei yake karibu mara tatu ya yule wa kwanza. Jirani naye kaniambia ipo ya tatu, ya kutoboa kidogo kwa ganzi ya pale pale, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Naomba waliopitia waseme ukweli. Ipi kati ya hizo tatu? Nina vijana wawili wanaonitegemea karakana, nikikaa nje miezi sita nimekwisha.

Mzee wa Kijiwe

Pole mkuu, ila samahani, hapo Keko uwanja wa tenisi uko upande gani?

Seremala wa Keko

Nyuma ya mashine ya kupasulia mbao. Raketi yangu ni randa.

Binti Sayari

Jina tu hilo, limeanzia kwa Waingereza wa karne ya 19 waliocheza tenisi ya majani. Wanaougua zaidi ni watu wa miaka 35 hadi 55 wenye kazi za mikono, na kucheza hawachezi. Hata Sachin Tendulkar wa kriketi aliugua, akafanyiwa upasuaji London mwaka 2005, na akaendelea kucheza miaka mingi. Kwa hiyo usikate tamaa.

Kinyozi Mstaafu

Tendulkar alikuwa na timu nzima ya kumkanda kila asubuhi. Fundi wetu ana vijana wawili na deni la mbao.

Mpishi wa Nyali

Pole sana ndugu yangu. Mie nimechanwa, tena kwa njia ile ya wazi, basi nikueleze kama ilivyokuwa.

Mie ni mpishi wa hoteli, miaka ishirini na zaidi ya kurusha karai na kukata nyama. Niliteseka miaka miwili kabla ya kukubali kisu. Nililazwa kwa nusu kaputi, nilipoamka mkono umefungwa bandeji toka nusu ya mkono wa juu hadi karibu na kiganja. Kovu lenyewe si kubwa, urefu wa kidole gumba. Mkono ulining'inia kwa kitambaa shingoni siku nane, nyuzi zikatolewa siku ya kumi na mbili.

Ambalo hakuna aliyenambia ni kwamba mwezi wa kwanza ni mbaya kuliko ugonjwa wenyewe. Kiwiko kilikakamaa, nikawa siwezi kukinyoosha sawasawa, usiku nalia kama mtoto. Wiki ya sita hata birika siinui. Mwezi wa nne nikarudi jikoni nikapewa kazi ya kukata saladi, mie niliyekuwa mkuu wa jiko! Mwezi wa nane ndipo nikaona nafuu ya kweli. Leo ni mwaka wa tatu, niko vizuri. Nyuma ya kovu pamekufa ganzi kidogo, na nikijigonga hapo nasikia kama umeme, lakini nimezoea.

Ningefanya tena? Ningefanya. Ila miezi ile minne uwe na akiba.

Mekaniki Muscat

Assalaam alaykum. Mimi nilifanya hiyo ya tatu, ya kutobolewa. Niko Oman mwaka wa kumi na moja, fundi wa viyoyozi, kazi ya spana na kuinua mashine juu ya dari.

Nilikaa kitini, mkono mezani. Daktari akapitisha ultrasaundi akinionyesha kano kwenye skrini, akachoma ganzi, kisha akaingiza kitu chembamba akawa anakikwangua pale kwenye mfupa. Nilisikia mkwaruzo bila maumivu, kama mtu anayekwangua ukoko wa wali chunguni. Dakika ishirini hazikufika. Plasta ndogo, nikapanda teksi.

Wiki ya tatu nikashika spana. Wiki ya saba maumivu yakarudi, nusu ya yale ya zamani. Bahati likizo yangu ikaangukia hapo, nikaenda nyumbani Unguja miezi miwili, sikuinua kitu kizito kuliko mtoto wa dada. Niliporudi Muscat kiwiko kimetulia. Sasa mwaka umepita, kinauma nikizidisha tu.

Nakwambia kweli ya Mungu, mpaka leo sijui nilichopona nacho ni kule kutobolewa au ile likizo.

Chuku na Asali

Hizo hospitali zinawamaliza bure. Nenda kapige chuku pale pale panapouma, damu chafu itoke, halafu paka mafuta ya nyonyo na tangawizi siku ishirini na moja. Wangapi wamepona kwangu!

Dada Viungo

Kaka, kabla hujachanjwa juu ya ngozi iliyokwisha bonyezwa na steroidi, ngoja kwanza. Ngozi ile ni nyembamba, kidonda chake hakiponi haraka.

Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba, mwaka wa kumi na tano huu. Nimesoma ujumbe wako mara mbili nikitafuta neno moja sikulipata. Umetaja dawa, mafuta, mkanda, sindano tatu. Mazoezi hujataja. Hukuyafanya au umesahau?

Seremala wa Keko

Dada nilipewa karatasi yenye michoro. Nilifanya siku nne, nikaona yanaongeza maumivu, nikaacha. Karatasi ipo karakana, vijana wanapigia mahesabu ya mbao.

Dada Viungo

Basi hujatibiwa bado. Usikasirike.

Kano ikishavurugika inajengeka upya kwa kubebeshwa mzigo kidogo kidogo. Ukiipumzisha kabisa inazidi kuwa dhaifu, ukiirushia mninga wote siku moja inachanika. Kaa mezani, mkono umelala juu ya meza, kiganja kikitazama chini na kifundo cha mkono kimepita ukingo wa meza. Shika chupa ya maji ya nusu lita. Kwa mkono wa KUSHOTO inua kile kiganja cha kulia hadi juu. Ondoa mkono wa kushoto. Sasa shusha kulia peke yake, polepole, hesabu moja hadi nne. Hapo ndipo penye dawa, kwenye kushuka. Mara kumi na tano, pumzika, rudia hadi mizunguko mitatu. Kila siku.

Itauma. Maumivu ya tatu au nne kwa kumi ni sawa, mradi kesho asubuhi yamerudi yalipokuwa. Yakipanda hadi saba, punguza maji kwenye chupa. Ikiwa rahisi, ongeza chupa. Wiki kumi na mbili, si siku nne.

Na kazini, chochote unachoinua kiinue kiganja kikitazama juu, kiwiko kikiwa karibu na mwili. Mtu anayebeba mbao kiganja kikitazama chini na mkono umenyooka anaitukana kano yake.

Jambo lingine, na hili ni muhimu kabla ya kisu chochote. Bonyeza kwa kidole: maumivu makali kabisa yako juu ya kile kifupa, au yako vidole vitatu vinne chini yake, ndani ya nyama ya mkono? Kuna neva inapita pale chini. Ikibanwa inaiga ugonjwa huu vizuri sana, tena huuma usiku mtu akiwa amelala. Shingo nayo inaweza kutuma maumivu hadi kiwikoni. Watu wamepasuliwa kano wakati mgonjwa alikuwa neva.

Plasta

Dada Viungo kanirahisishia kazi. Mimi ni daktari wa mifupa, kituo sitaji. Sijakupima, kwa hiyo chukua haya kama mazungumzo ya barazani.

Neno "imeoza" likutoke kichwani. Ni kano ya msuli mmoja unaoinua kifundo cha mkono kwenda nyuma, imejishikiza kwenye kile kifupa. Zamani tuliamini ni uvimbe, ule wa joto na wekundu. Mwaka 1979 Wamarekani wawili, Nirschl na Pettrone, walichapisha walichokiona walipofungua viwiko 88: nyuzi za kijivu zilizovurugika, zimejaa vijimishipa vya damu visivyo na mpangilio, na dalili za uvimbe ule tuliozoea karibu hazipo. Ndiyo maana steroidi, ambayo kazi yake ni kuzima uvimbe, hukupa wiki chache kisha hukudai. Waaustralia walilinganisha sindano na mazoezi kwa watu 198, matokeo yakatoka 2006: wiki ya sita waliochomwa sindano walikuwa mbele ya wote, mwaka ulipotimia walikuwa nyuma ya wale wa mazoezi. Wiki zako sita za kupiga randa kama kijana ndizo hizo hizo.

Njia zote tatu za upasuaji zinakwenda pale pale, tofauti ni mlango wa kuingilia.

Ya kuchana ndiyo kongwe. Daktari anaona kwa macho, anakata kilichoharibika na kuacha kizima. Ubaya wake ameusimulia Mpishi, hata ile ganzi nyuma ya kovu ni kijineva cha ngozi kiliguswa. Ukiambiwa mfupa utatobolewa vijitundu ili damu ije, uliza kwa nini. Lilijaribiwa Uingereza, majibu ya 2001: waliotobolewa mfupa waliumia zaidi na kukakamaa zaidi, faida haikuonekana.

Ya kutoboa, kule Uingereza tena mwaka 2004 waliilinganisha na ya kuchana kwenye viwiko 47. Wa kutobolewa walirudi kazini wiki kama tatu mapema. Kwa mtu wa kazi ya mikono hilo si dogo. Lakini anayefanya haoni kila kitu, na anayetoboa bila kuujua mpangilio wa pale anaweza kukata ligamenti iliyo jirani, ile kamba inayofunga mfupa kwa mfupa, kiwiko kikawa kinacheza.

Ya kamera ni nzuri, mimi mwenyewe naipenda, kwa sababu unachungulia ndani ya jointi na kuona kama kuna jingine. Ila neva kubwa ya mkono inapita mbele pale, karibu mno na kifaa. Kiwiko si goti. Usiulize mashine ni mpya kiasi gani, muulize daktari viwiko vingapi amefanya kwa mkono wake. Na hiyo bei mara tatu haikununulii kiwiko bora mara tatu. Baada ya mwaka mmoja hivi watu wa njia zote tatu wanafanana sana.

Sasa lile ambalo sisi wapasuaji hatupendi kulisema mbele ya mgonjwa. Huko Sydney walichukua watu 26 walioshindikana kwa tiba nyingine. Nusu wakafanyiwa upasuaji wa kweli. Nusu wakachanwa ngozi, kano ikatazamwa, wakashonwa bila kukatwa chochote. Hakuna mgonjwa aliyejua yuko kundi lipi. Matokeo yalichapishwa 2018: makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa, na tofauti kati yao haikuonekana, si miezi sita, si miaka miwili na nusu. Ni watu wachache, nakubali, siwezi kujengea nyumba juu yake. Lakini tangu niisome nimepunguza mkono wangu.

Mekaniki wa Muscat, swali lako la likizo ni zuri kuliko unavyodhani.

Mimi nampasua nani? Yule aliyefanya mazoezi kweli kweli, mwaka umepita, maumivu yako juu ya kifupa penyewe, neva na shingo vimeangaliwa. Wako wachache, kwa sababu wengi kabisa hutulia wenyewe ndani ya mwaka mmoja hadi miwili. Wewe umechomwa sindano mwezi uliopita, kwa hiyo mimi nisingekugusa kabla ya miezi mitatu hata ungenilipa mara tatu, hatari ya kidonda kuingia wadudu iko juu.

Mama Tunu wa Morogoro

Dokta, na ile ya kutolewa damu yako, wanaizungusha kwenye mashine kisha wanakuchoma nayo? Dada yangu kaambiwa.

Plasta

Plazma. Tafiti zimekusanywa pamoja, 2021, zaidi ya 30, majibu yake hayaishindi sindano ya maji ya chumvi tu kwa kiasi ambacho dada yako angekisikia. Pesa hiyo akate bima.

Mpishi wa Nyali

Dokta umeniharibia usingizi. Ina maana mie nilikatwa bure?

Plasta

Sijasema hivyo. Ulipona. Lakini miezi minne ulikaa mbali na karai, kisha ukarejeshwa kwa saladi, kisha nyama, kisha karai. Mpango huo angepewa mtu asiyekatwa, nasi tungeona.

Mpishi wa Nyali

Kwa wasiokatwa hakuna mwajiri anayewapa saladi, dokta. Bandeji ndiyo iliyoninusuru kwa meneja.

Dada Viungo

Hili la Mpishi naomba kila mtu alisome tena.

Seremala wa Keko

Wakuu, ni wiki ya tisa tangu nianzishe uzi huu. Niliahidi kurudi.

Nilimtafuta mtaalamu wa mazoezi tiba, mama mmoja mkali. Kanibonyeza shingo, kanibonyeza chini, kisha kanibonyeza kwenye kifupa nikaruka kitini. Akasema neva yangu haina neno, ugonjwa ni ule ule. Akaanza na chupa ya nusu lita. Wiki mbili za kwanza nilimchukia. Sasa nimefika chupa ya lita moja na nusu, naishusha nikiwa nimekaa kwenye benchi karakana saa nne kabla ya chai, vijana wanahesabu kwa sauti na kuniongopea namba.

Yule daktari wa kamera nilimpigia simu nikamuuliza kama Plasta alivyonifundisha: viwiko vingapi? Akacheka. Akasema magoti amefanya mengi sana. Nikamuuliza tena viwiko. Akasema nije ofisini tuzungumze. Sijaenda.

Yule wa kuchana nilirudi kwake, nikamweleza kila kitu. Nilitegemea afoke. Akanyamaza, akaangalia lile doa jeupe, akasema tarehe yangu anaisogeza hadi mwezi wa kwanza, nikiwa bado naumia kiasi hiki basi tutachana, na mfupa hatatoboa. Huyo nimempenda.

Hali yenyewe: ufunguo nazungusha bila kelele. Kukamua nguo bado. Kikombe cha chai nashika kwa kulia kikiwa nusu, kikijaa narudi kushoto. Upasuaji sijaufuta, nimeuweka kando. Nikifika mwezi wa kwanza niko hapa hapa nitasaini, miezi minne nitaitafutia akiba, maana nimeshaelewa hakuna ya siku tatu.

Kikubwa nilichobadilisha ni bisibisi. Skrubu zote sasa ni drili ya betri, au wanafunga vijana. Nimenunua ya mkono wa pili pale Gerezani. Miaka ishirini na mitano nimefunga skrubu kwa kiganja nikiona drili ni uvivu.

Kinyozi Mstaafu

Hiyo drili umeipata kwa bei gani mkuu? Na mimi mkasi umeanza kunichagua.

Seremala wa Keko

Njoo inbox. Ila betri yake inakufa saa sita mchana, jiandae.